Tairi la baiskeli limepasuka likiwa kwenye keria ya gari, hakuna aliyeiendesha. Kwa nini?

1. MsafiriNtinda
Wakuu habari. Naomba akili zenu kwa jambo moja limenishinda. Wiki iliyopita tulitoka Kampala kwenda Ziwa Bunyonyi kule Kabale na familia, gari ni Toyota Noah, nyuma nimefunga ile keria ya mikanda inayokaa kwenye mlango wa buti, baiskeli mbili, yangu na ya kijana wangu wa miaka 14. Tumetoka Ntinda saa kumi na moja alfajiri na baridi yake, tumepita Masaka, Lyantonde, Mbarara tukazunguka na bypass, Ntungamo tukasimama kula, yote salama. Sasa tumevuka Muhanga tunapanda ile milima, jua limeshakuwa kali, nasikia PAAA nyuma kama bunduki. Mke wangu akapiga kelele, mimi nikajua ni tairi la gari. Nikaweka pembeni, nikazunguka gari lote, matairi manne mazima. Kijana ndo akaniambia, baba ni baiskeli yangu. Tairi la nyuma limepasuka likiwa linaning'inia hewani! Tyubu imechanika urefu wa kidole kizima na tairi limechomoka kwenye rimu upande mmoja. Hakuna aliyeikalia, haligusi chini, nimetafuta mwiba sijauona. Sasa tairi linapasukaje bila kubeba kitu? Mwezi ujao tunaenda Sipi, sitaki irudie.

2. PedeliJinja
Ekzosi hiyo kaka, wala usisumbuke. Hizi keria za mikanda zinaning'iniza baiskeli chini sana, gurudumu linakaa karibu kabisa na mdomo wa bomba la moshi. Moshi ukitoka pale unazidi nyuzi 100 kirahisi, na ukipanda mlima injini inafanya kazi mara mbili, moshi unazidi kuwa moto. Mimi iliwahi kunitokea na gari langu, Toyota kikumi, foleni ya Mabira lori limeanguka tumekaa saa nzima, nashuka nasikia harufu ya mpira unaungua, tairi la mbele limekuwa laini unalibonyeza kama chapati. Halikupasuka lakini nililitupa. Angalia bomba lako liko upande gani utapata jibu.

3. Kijana_wa_Arua
Mimi nasema ni urefu wa milima. Ukipanda juu hewa ya nje inapungua nguvu, ya ndani ya tairi inabaki ileile, inasukuma mpaka inapasua. Ndo maana pakiti za krispi zinavimba ukifika Kabale. Kabale iko mita 3,000 huko, Kampala iko chini. Na angalia lilipasukia wapi, mlimani! Mbona halikupasuka kule chini Lukaya?

4. Mwalimu_Mbale
Kijana wa Arua, pakiti za krispi ni kweli zinavimba, lakini Kabale haiko mita 3,000 ndugu yangu. Ziwa Bunyonyi lenyewe liko kama mita 1,960 na Kampala ni kama 1,200. Tofauti hiyo ya mita 700 na kitu ukiihesabu kwa tairi inaongeza kama psi 1 tu (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi). Psi moja haipasui tairi. Ingekuwa hivyo baiskeli zote za Kapchorwa kule mlimani zingelia kama fataki kila siku.

5. Konda_Mstaafu
Salaam kwenu. Mimi nimekuwa konda wa taksi, hizi basi ndogo za abiria, miaka mingi, line ya Kampala–Masaka halafu Kampala–Mubende, tumebeba baiskeli juu ya keria kuliko nywele zangu, zile Roadmaster nzito za wazee wa kijijini, pamoja na kuku na matoke. Sikumbuki hata moja kupasuka njiani. Mnajua kwa nini? Mwenye baiskeli tulikuwa tunamwambia kwanza atoe upepo, abakishe kidogo tu. Wazee wetu hawakusoma fizikia ya Mwalimu lakini walijua. Swali langu kwa Msafiri: huo mkanda uliofunga gurudumu ulipita wapi? Mkanda wa nailoni ukisugua ubavu wa tairi kilomita 300 unalikata kama msumeno.

6. MsafiriNtinda
Asanteni sana. Leo jioni nimetoka na tochi nimekagua kila kitu.

Pedeli, bomba langu liko kushoto. Tairi lililopasuka lilikuwa KULIA. Lakini sikiliza hii, ndo imenichanganya zaidi. Baiskeli yangu mimi, gurudumu la mbele ndo lilikuwa kushoto, na lina alama. Ubavuni kuna duara upana wa kikombe cha chai, mpira umebadilika rangi, sehemu nyingine nyeusi ya kawaida ila hapo imekuwa kahawia na inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia. Ukipitisha ukucha inakwaruzika, zile herufi ndogo za saizi zimelainika hadi huwezi kusoma. Maana yake lililoungua halikupasuka, na lililopasuka halikuungua. Nimekosa la kusema.

Konda, mkanda wa gurudumu ulipita kwenye rimu na spoki, tairi nalo uligusa kidogo. Kuna mchubuko mwembamba lakini haujafika ndani.

7. PedeliJinja
Moshi hautembei kama risasi kaka. Ukitoka kushoto unagonga upepo wa nyuma ya gari unazunguka. Gari kama Noah ni boksi, nyuma yake upepo unavurugika, ndo maana kioo cha nyuma kinajaa vumbi hata ukiwa peke yako barabarani. Moto unaweza kufika kulia. Sijashindwa bado. Niambie, mliposimama Ntungamo ulizima injini?

8. MamaTwaha
Nyie wanaume mmekimbilia ekzosi na milima, hakuna aliyeuliza swali la kwanza ambalo hata mtoto angeuliza. Hilo tairi alijaza upepo nani, na wapi?

Niko Bombo, nina watoto watatu na baiskeli tatu na tunasafiri nazo kila likizo, nimejifunza kwa hasara.

9. MsafiriNtinda
Mama Twaha umenipata pabaya. Usiku wa kuamkia safari nilipita sheli kujaza mafuta, nikamwambia kijana wa upepo ajaze na baiskeli. Alitumia ile mashine ya magari. Nilimwambia 60 kwa sababu kwenye tairi pameandikwa mwisho 65, nilifikiri nimebakiza nafasi.

Na Pedeli, sikuzima. Mtoto mdogo alikuwa amelala, nikaacha AC, kama dakika 25 hivi. Mke wangu amesoma hapa begani akaniambia si nilikwambia.

10. MamaTwaha
Hapo sasa. Mashine ya sheli imetengenezwa kwa tairi la gari lenye tumbo kubwa. Tairi la baiskeli lina tumbo dogo, ukigusa tu sekunde mbili limepanda. Mara nyingi yule kijana anajaza anapima anaachia, na ile saa yake imegonga chini mara mia. Ulisema 60, inawezekana ulipewa 80. Mimi baada ya kupasukiwa na tyubu mbili siku moja niliacha, nina pampu yangu ya mguu yenye saa, iko kwenye gari daima.

11. FundiKatwe
Ngojeni kwanza. Tyubu iliyochanika urefu wa kidole, na tairi limetoka kwenye rimu. Hiyo picha naijua. Huo si mpasuko wa joto peke yake wala mwiba, hapo tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu tangu siku ilipofungwa. Nani alibadilisha tyubu mara ya mwisho? Wengi wanaingiza tairi kwa bisibisi, kipande cha tyubu kinabaki kimekaliwa na ukingo wa tairi, huoni kwa nje. Baiskeli inaweza kutembea hivyo wiki mbili bila tatizo. Siku upepo umeongezeka kidogo, tairi linanyanyuliwa pale palipobanwa, tyubu inachungulia nje, paa. Sauti inakuwa kubwa sababu inapasukia nje, si ndani ya tairi.

Kwa hiyo mimi nasema ni mkono wa fundi.

12. MsafiriNtinda
Fundi, tyubu alibadilisha kijana wangu mwenyewe likizo ya Agosti. Kwa bisibisi. Lakini ameiendesha miezi mingi baada ya hapo, mpaka Kisaasi na kurudi kila jumamosi, si wiki mbili.

13. FundiKatwe
Miezi mingi ni mingi kweli. Lakini siitoi hiyo sababu mezani.

14. Mwalimu_Mbale
Nimepiga hesabu darasani leo na vijana wa S3 (sekondari mwaka wa tatu), walifurahi sana kupata mfano halisi. Chukulieni alikuwa na psi 60 kweli, asubuhi nyuzi 20. Psi ya saa ni ile inayozidi hewa ya nje, kwa hiyo kwa Kampala unaongeza kama 12.7, jumla 72.7. Tairi jeusi juani likifika nyuzi 50, unazidisha kwa 323 gawa 293, inakuwa kama 80. Toa hewa ya nje ya milimani, ambayo ni kama 11.6, unabaki na psi 68 na nusu. Yaani joto limeongeza kama 7 na mlima umeongeza 1. Imezidi ile 65 ya ubavuni lakini kidogo tu, na watengenezaji huwa wanaacha nafasi kubwa juu ya namba hiyo.

Sasa fuateni ya Mama Twaha. Kama alipewa 80 badala ya 60, hesabu hiyohiyo inakupa zaidi ya 90. Hapo mimi mwenyewe nisingekaa karibu na hilo tairi.

15. Kijana_wa_Arua
Kwa hiyo Mwalimu unakubali mlima umo, hata kama ni psi 1. Nashukuru.

16. BusiaBoda
Nawasoma tu hapa Busia nacheka kwa furaha. Sisi ndo wenyewe baiskeli. Hilo neno boda boda mnalotumia Uganda nzima limezaliwa hapa mpakani, vijana walikuwa wanavusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka boda hadi boda miaka ya sitini, kabla pikipiki hazijaja kuchukua jina. Leo mtu anaweka baiskeli juu ya gari ikapande mlima! Babu yangu alitoka Busia mpaka Tororo na gunia la mahindi nyuma na mke juu ya gunia.

Ila kwa ushauri wa kweli, Msafiri, kama ni Sipi kwa nini usizitume kwa basi mpaka Mbale? Unaandika jina na simu kwenye karatasi, unaifunga kwenye fremu, unalipa kama mzigo, unaikuta ofisini. Mimi natuma hivyo kwa shemeji yangu.

17. PedeliJinja
Busia, mke juu ya gunia la mahindi? Huyo babu alikuwa na miguu.

Kuhusu basi, angalia sana. Mimi nilipokea baiskeli yangu ikiwa imelaliwa na mashine ya kusaga unga, ile sehemu ya nyuma inayoshikilia gia imepinda, gia zikawa zinaingia kwenye spoki. Ukituma kwa basi toa pedeli, geuza usukani ulale sambamba na fremu, funga kadibodi upande wa gia na umwambie mtu wa mizigo upande huo ukae juu. Na pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, wengi wanaivunja hapo.

18. DadaFortPortal
Samahani nawatoa kidogo kwenye tairi maana kuna jambo kubwa kuliko tairi. Msafiri umesema keria ya mikanda kwenye Noah. Ndoano za juu umezishikisha wapi? Kama ni kwenye kile kipande cha plastiki kilicho juu ya kioo cha nyuma, tafadhali acha.

Mwaka juzi tulikuwa tunarudi Kampala, mimi na dada yangu, baiskeli tatu. Barabara yetu ya Mubende mnaijua matuta yake, kila senta kuna tuta kubwa na kabla yake yale madogomadogo yanayotetemesha gari lote. Mikanda ya nailoni inalegea kwa kutetemeka, tena ikinyeshewa inalegea zaidi. Tulipofika karibu na Kyegegwa nikaona kwenye kioo baiskeli zinacheza kulia kushoto, nikasema nitasimama mbele kidogo penye kivuli. Hatukufika. Tuta moja tu, plastiki ikakatika, keria nzima ikalala barabarani na baiskeli zote zikaburutwa kwa mkanda mmoja uliobaki. Nyuma yetu alikuwa boda amebeba mama na mtoto. Alikwepa akaingia kwenye majani, Mungu mkubwa hawakuanguka. Yule mama hakunitukana hata kidogo, alishuka akanisaidia kuokota. Nilitetemeka mpaka Mubende. Mpaka leo nikiona gari lina baiskeli nyuma nabaki nayo mbali.

Sasa hivi kabla ya kuondoka nashika keria kwa mikono miwili naitikisa kwa nguvu zangu zote, gari lote litikisike pamoja nayo. Keria ikitikisika peke yake bado haijafungwa. Na baada ya kilomita 20 za kwanza nasimama nakaza tena, maana mkanda unavutika mwanzoni.

19. MsafiriNtinda
Pole sana dada. Nimesoma nikaenda kuangalia usiku huuhuu. Ndoano mbili za juu ziko kwenye ukingo wa chuma wa mlango, asante Mungu. Lakini moja ya pembeni nilikuwa nimeishikisha kwenye plastiki ya taa. Naibadilisha.

20. Afande_Mstaafu
Habari zenu. Nilikuwa trafiki, sasa nalima. Mmeongea yote mmesahau namba plate. Baiskeli mbili nyuma zinaficha namba na zinaficha taa za breki, na hayo yote mawili ni makosa. Enzi zangu nilisimamisha wengi wanaenda wikendi, baba anasema afande lakini ni baiskeli za watoto. Mimi simkatazi baiskeli, nataka yule wa nyuma aone taa ukikanyaga breki. Giza la saa moja jioni pale Lwera, lori linakuja nyuma, haoni taa zako, atakugonga na hizo baiskeli zitaingia kwenye siti ya watoto. Na gurudumu likitokeza nje ya ubavu wa gari funga kitambaa chekundu.

21. PedeliJinja
Afande shikamoo. Mimi nimeandika namba kwenye kadibodi kwa maka peni nimeifunga kwenye spoki, hiyo inatosha?

22. Afande_Mstaafu
Marahaba. Haitoshi kijana. Namba ya kadibodi si namba, hasa sasa na hizi plate mpya za kidijitali. Panga baiskeli zikae juu ya plate, au tumia keria yenye ubao wake wa taa unaochomekwa kwenye umeme wa tela.

23. FundiKatwe
Hapo afande ameongea kazi yangu. Keria nzuri ya nyuma ni ile inayokaa kwenye ndoano ya tela, baiskeli inasimama kwa magurudumu yake kwenye reli, haining'inii kwa fremu. Nimetengeneza kadhaa hapa Katwe, bomba la mraba la milimita 40, unene 3, usikubali mtu akuwekee unene wa moja na nusu eti ni nyepesi, litakatika kwenye welding kwa matuta yetu. Na ile ndoano yenyewe ifungwe kwenye chasisi kwa bolti, siyo kuchomelewa kwenye bampa. Soma uzito ambao ndoano imeruhusiwa kubeba wima, maana baiskeli ya kawaida ni kilo 14, Roadmaster inafika 20 na zaidi, tatu zako na keria yenyewe umeshajaza.

Wenye RAV4 na Prado zenye spea mlangoni, kuna keria inakaa kwenye spea. Ni nzuri kwa mbili. Tatu zinaua bawaba za mlango, mnaniletea mlango umeshuka haufungi.

24. MamaTwaha
Mimi natumia keria ya juu, hapana plate kufichwa, hapana ekzosi, hapana vumbi. Lakini mjue mambo mawili. Gari ndogo nyingi paa linaruhusiwa kilo 75 hivi na hizo ni pamoja na keria yenyewe. La pili, utasahau kama ziko juu. Mimi niliingia geti la hoteli Mbarara nikiimba na watoto, yule askari akapunga mikono nikadhani anatukaribisha. Usukani wa baiskeli ya Twaha ulibaki kwenye chuma cha geti. Alilia mpaka tukafika nyumbani. Toka siku hiyo nimebandika karatasi kwenye usukani wa gari: JUU KUNA BAISKELI.

25. Mkazi_Masaka
Kwenye vumbi mama uko sahihi kwa lami tu. Mnakumbuka Mei 2023 daraja la Katonga lilipokatika kwa mafuriko? Magari ya Masaka yakazungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule mpaka Villa Maria, na mimi kukwepa foleni nikakata njia za ndani za marramu, udongo mtupu. Mimi nilikuwa na baiskeli juu ya gari. Nilipofika Masaka sikujua tena ni ya rangi gani. Vumbi jekundu limeingia kwenye cheni limechanganyika na oili limekuwa kama udongo wa kufinyanga. Nilichofanya kizuri ni kuivalisha siti na gia mfuko wa plastiki. Nilichofanya kibaya ni kufunika baiskeli nzima na turubai kwanza, ilishika upepo kama tanga la mtumbwi, gari likawa linavutwa pembeni, nikalitoa Mpigi.

26. Kijana_wa_Arua
Nirudi kwenye swali langu la kule juu, posti namba 3, ambalo hamjalijibu. Kama ni fundi, tyubu ingepasuka nyumbani. Kama ni upepo wa sheli, ingepasuka usiku uleule au Masaka. Kama ni ekzosi, lingepasuka la kushoto. Kwa nini lilingoja mlima?

27. Mwalimu_Mbale
Swali zuri sana hilo. Mimi naona vyote vilikutana. Sheli ilizidisha, jua la saa sita likaongeza, dakika 25 za injini bila upepo wa kupoza zikaongeza, mlima ukatia ile psi yako moja ya mwisho.

28. FundiKatwe
Mwalimu hiyo ni kumpa kila mtu pipi. Tyubu ilibanwa.

29. Konda_Mstaafu
Na mkanda mmeusahau. Acheni mikanda ya nailoni kwenye magurudumu. Tumia mpira wa tyubu ya zamani. Unakata tyubu ya gari kuizunguka, upana wa vidole viwili, inakuwa kamba ndefu moja. Anza kwa kuzungusha kwenye chuma cha keria mara mbili, halafu vuta mpaka mpira uwe mwembamba na rangi yake ipauke, hapo ndo unazungusha kwenye rimu na chuma pamoja, kila mzunguko unakanyaga ule wa kwanza. Mwisho usifunge fundo, chomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho uiachie, inajibana yenyewe. Ukitaka kufungua unavuta ncha tu. Tuta likija mpira unavutika unarudi, haulegei kama nailoni. Na hausugui, unashikana na tairi kama mkono.

30. MsafiriNtinda
Wakuu, mrejesho. Tumerudi Sipi jana usiku.

Nilifanya hivi: nimetoa upepo mpaka unaweza kubonyeza tairi kwa kidole gumba, nimemlipa fundi akafunga tyubu na tairi jipya mbele ya macho yangu, nimefunga kwa mpira wa Konda, nimegeuza baiskeli upande wa ekzosi pasiwe na gurudumu, na Namawojjolo tuliposimama kula kuku na gonja (ndizi za kuchoma) nilizima injini, mtoto aamke asiamke. Keria nimeitikisa kama dada alivyosema, nikakaza tena Mukono. Tulipita Iganga na Tirinyi, mlima wote wa Kapchorwa, jua kali, hakuna kilicholia. Pampu ya mguu ilifanya kazi yake pale juu, kijana ameteremka na wenzake mpaka magoti yanatetemeka. Nawashukuru wote kwa moyo.

31. Kijana_wa_Arua
Hongera kaka. Lakini umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa tutajuaje ni kipi?

32. PedeliJinja
Kweli kabisa. Bado tairi lililoungua unalo? Lile lenye duara la kahawia. Usilitupe. Mimi nina rimu ya zamani hapa, tulifunge, tulijaze 60 kwa pampu ya Mama Twaha, tulitundike palepale kushoto, gari lako lisimame injini inanguruma dakika 25. Sisi tukae mbali.

33. FundiKatwe
Na mimi nitaleta tyubu nitakayoibana kwa makusudi kwenye rimu ya pili, mtundike kulia. Tuone lipi litaanza.

34. MsafiriNtinda
Tairi lipo stoo. Jumamosi hii niko nyumbani, karibuni. Mwalimu utatoka Mbale?

35. Mwalimu_Mbale
Nakuja na kipimajoto na vijana wawili wa S3.